Jogoo wa Kuonja Maharage

Kijiwe chetu kipo Kabanga, ng'ambo ya barabara kutoka zinakopakia abiria noah za Kibimba, ubavuni mwa banda langu la kutengenezea baiskeli. Benchi ni langu, nililigonga mwenyewe kwa mbao za mkaratusi, ingawa nikichelewa asubuhi sikuti hata pa kuweka spana. Kahawa anamimina Avelina, mama asiyecheka ovyo, birika juu ya jiko la mkaa, vikombe ndani ya beseni. Wakaaji ni walewale. Yupo Bernardo, tunamwita Forodha, kwa sababu nyumba yake inatazama njia ya mpakani na hapiti mtu pale bila kuulizwa amebeba nini. Yupo Ntirampeba, mbadilisha fedha, jina lake Chenji. Yupo Mihayo aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Huyo ni Kwato, maana hata ukianza habari ya uchaguzi yeye ataimalizia kwenye ng'ombe. Na yupo Elick, mlinzi mstaafu wa shule ya sekondari, ambako alikuwa pia anafagia chumba cha kemia. Tunamwita Maabara, na jina hilo analipenda kuliko la ubatizo.

Jumatano hiyo Forodha alikuja na jogoo. Akamfunga mguu kwenye benchi langu bila hata kuniomba, akaagiza kahawa, akakaa anamtazama.

Chenji: Forodha, leo tunachinja?

Forodha: Mguse uone. Huyo yuko kazini.

Kwato: Kazi gani ya kukaa amefungwa?

Forodha: Anapima maharage.

Tukamtaka aeleze, akaeleza. Binti yake Agness ameolewa Kibimba, na sasa ana mimba ya miezi saba, ya kwanza. Forodha amemwekea gunia zima la maharage ya kumtunza mpaka ajifungue na baada ya hapo. Wiki mbili zilizopita akaona wadudu wameanza kutoboa. Akapita mchuuzi na kikapu, akamuuzia unga mweupe uliofungwa kwenye nailoni, Forodha akauchanganya gunia zima. Jana jirani akamwambia kuna unga mwingine ni wa mbegu za kupanda tu, haufai kuliwa. Usiku hakulala. Asubuhi akachota bakuli la maharage yale, akachemsha, akampa jogoo. Sasa gunia liko juu ya noah ya dereva Juvenali, na noah inaondoka saa nne. Jogoo akifika saa nne akiwa hai, gunia linaenda kwa Agness.

Msimcheke. Huku kwetu uyoga usioujua anatangulia kuuonja kuku, na wengi wetu tumekuzwa hivyo. Hata mimi nilimwona Forodha amefanya jambo la maana.

Avelina: Jina la dawa ni lipi?

Forodha: Mchuuzi alisema ni dawa.

Avelina: Ndiyo nauliza, dawa gani?

Forodha: Ya wadudu, mama. Mbona unanihoji kama mahakamani?

Kwato: Wewe unayesimamisha hata watoto wa shule uwaulize wamebeba nini, huyo mchuuzi ulimpitishaje?

Forodha alikunywa kahawa yote kwa mkupuo mmoja, na ilikuwa ya moto.

Maabara alikuwa anajipanga. Akafuta mdomo, akakunja nne.

Maabara: Mnajiaibisha. Siku hizi wataalamu wa sumu wanaachana na wanyama. Mpwa wangu Frida anasomea mambo hayo chuoni, alinieleza kwa simu nusu saa nzima.

Chenji: Wanatumia nini sasa? Watu?

Maabara: Wanachukua vipande vidogo sana vya ini la mtu, vidogo huvioni kwa macho, wanaviotesha kwenye kisahani. Halafu wanadondoshea dawa. Vikinyauka, dawa mbaya.

Kwato: Ini la nani?

Maabara: La mtu.

Kwato: Na huyo mtu yuko wapi?

Maabara: Yuko kwake, anaendelea na shughuli. Walimkata kidogo tu hospitali akiwa anatibiwa.

Chenji: Yewe! Kwa hiyo ini lake linalishwa sumu mjini, na yeye kwake anakula ugali hana habari?

Maabara: Aliombwa, akakubali. Kuna karatasi.

Kwato: Mimi siweki saini. Nikiumwa tumbo nitajuaje ni ugali wangu au ni kisahani?

Avelina aliinamia jiko. Nadhani alikuwa anacheka.

Forodha: Maabara, hicho kisahani kinafika Kabanga lini? Noah inaondoka saa nne.

Maabara: Njia ya pili ni kompyuta. Unaiambia kompyuta dawa imeundwa kwa vitu gani. Inatafuta ndugu zake waliopimwa zamani. Inakwambia, hii ni ya ukoo wa wauaji, au hii ni ya ukoo wa wapole.

Chenji: Hapo nimeelewa. Ukimwona kijana unamjua ni wa nani kwa paji la uso.

Maabara: Sawasawa. Ila lazima uijue dawa yenyewe.

Wote tukamgeukia Forodha. Forodha akamgeukia jogoo.

Kwato: Mimi nasema ulikosea mnyama. Kuku ana mawe kwenye firigisi, anasaga hata chupa. Ungempa ng'ombe.

Forodha: Ng'ombe wako?

Kwato: Nasema ng'ombe kwa ujumla.

Chenji: Ng'ombe ana matumbo manne, Kwato. Sumu itachoka njiani. Atapona kila siku.

Kwato: Ndiyo uzuri wake! Mnyama anayepona hakuletei hasara.

Maabara: Sasa unapima nini kama anapona kila siku?

Kwato: Napima ng'ombe. Nimjue ni mzima.

Chenji naye hakutaka kuachwa nyuma. Alisimama, akamzunguka jogoo kwa mikono nyuma, akamchungulia mkia.

Chenji: Forodha, huyu ulimnunua wapi?

Forodha: Ng'ambo, Burundi. Mwaka jana.

Chenji: Basi kazi imeharibika. Huyu tumbo lake lilizoea ya kule, halafu likaja kuzoea ya huku. Ni tumbo la nchi mbili. Ulitakiwa uwe na jogoo wawili, mmoja wa kila upande, halafu upige wastani.

Maabara: Wastani wa jogoo mzima na jogoo aliyekufa ni nini?

Chenji: Anayeumwa.

Hapo hata Avelina alishindwa. Alicheka mpaka akamwaga kahawa kwenye mkaa, moshi ukatuingia machoni wote. Mimi nilikuwa na gurudumu mkononi nikaliacha likabingirika hadi barabarani.

Maabara alisubiri tutulie. Yule mzee anaweza kuwa na majivuno, lakini kile alichosikia kwa Frida alikuwa amekishika.

Maabara: Nisikilizeni. Frida anasema kuna vitu panya anakula anapona, mtu anaugua. Na vingine panya anakufa, mtu hata hajikuni. Tena kufa siyo swali lenyewe. Wao wanauliza ni kiasi gani, na kwa siku ngapi. Huyu jogoo amekula bakuli moja, mara moja.

Forodha: Unataka nimlishe mpaka lini?

Maabara: Mimi sijui. Nilikuwa nafagia.

Lilikuwa jibu la kweli kuliko yote ya asubuhi ile, lakini tulilipita haraka, kwa sababu jogoo alijikung'uta. Akanyoosha shingo. Forodha alisimama na kikombe mkononi. Ilikuwa saa nne kasoro dakika tano kwa simu ya Chenji. Jogoo akawika, tena kwa sauti ya kujaza stendi nzima, mpaka watu waliokuwa wakipakia mizigo wakageuka.

Kijiwe kililipuka kwa makofi. Kwato alimkumbatia Forodha. Chenji alipiga mluzi. Hata mimi, nakiri, nilifurahi kama nimeshinda kitu, nikamwambia Avelina aongeze kahawa kwa wote.

Forodha: Mmeona? Mzima! Nyie na visahani vyenu.

Kwato: Mwanaume huyo! Anastahili mtetea.

Chenji: Anastahili sufuria. Kazi imekwisha, Forodha, tumchinje. Avelina, una kitunguu?

Forodha: Wewe, chukua firigisi.

Chenji: Firigisi? Si ndiko maharage yaliko?

Forodha: Basi paja.

Chenji: Paja mpe Kwato. Mimi leo kifua kinanibana, nyama sitaki.

Kwato: Mimi nyama ya kuku sili siku za wiki.

Forodha: Tangu lini?

Kwato: Tangu zamani, bhabha. Hamjawahi kuniuliza tu.

Maabara alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu ambavyo havina kamba. Hakuna aliyemtaka yule jogoo. Tulimsifu sana, lakini kila mmoja kwa mbali kidogo.

Ndipo pikipiki ikasimama mbele ya benchi, akashuka binti taratibu, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika kadi ya kliniki. Alikuwa Agness mwenyewe. Forodha alishtuka hadi kikombe kikagonga meno.

Agness: Shikamooni.

Sisi: Marahaba, mama.

Forodha: Mwanangu! Mbona hukusema unakuja? Mzigo wako uko juu ya gari pale.

Agness: Leo ni siku ya kliniki, baba. Nimepita nyumbani, mama akaniambia habari ya unga. Akasema uko huku na jogoo.

Forodha: Ondoa wasiwasi. Tumempima. Amekula bakuli zima tangu alfajiri, na amewika sasa hivi. Waulize hawa.

Tukaitikia kwa vichwa, watu wazima wanne, kila mmoja shahidi.

Kwato: Amewika kweli. Kwa nguvu.

Agness alimtazama jogoo. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka na safari, jasho kwenye paji la uso, na alitaka tu kuelewa.

Agness: Kwani huyu jogoo ana mimba?

Nilingoja mtu acheke. Kwato, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na ng'ombe wa kutaja. Maabara alivua kofia yake akaishika magotini, na mimi nilitazama spana mkononi mwangu kama sijui ni ya nini. Niliona aibu, na niliwaona wenzangu nao wanaiona.

Forodha aliketi, kisha akainuka tena. Alitaka kumshika binti yake mkono, akautazama kwanza mkono wake mwenyewe, ule aliochanganyia unga, akaurudisha mfukoni.

Forodha: Avelina, mpe mwanangu pa kukaa.

Akavuka barabara. Juvenali alikuwa ameshawasha gari, abiria wamekaa, mmoja anapiga kelele kwamba saa nne imepita.

Forodha: Juvenali, nishushie lile gunia.

Juvenali: Mzee, liko chini kabisa. Juu yake kuna mizigo ya watu tisa.

Forodha: Shusha yote.