Mlango wa Kabati Basini

Dada aliyekaa mbele yangu basini alipakata mlango wa kabati, ukingo ukiwa bado na vumbi la msumeno. Mzee jirani yake aliugonga kwa kidole. "Mwanangu, hii bodi ya kiwandani si mbao."

"Shikamoo baba. Leo nimeikata mwenyewe, mara ya kwanza bila fundi kunisimamia. Hebu pitisha kidole ukingoni."

Mzee akapitisha, akarudia. Haukuwa umemeguka popote. "Umenyooka, hongera. Lakini ikilowa itavimba kama shavu la jino bovu!"

"Italowaje, baba? Ni kabati la nguo za mume wangu, na yeye haogi nazo."

Tulicheka basi zima. Kituoni mzee alishuka pamoja na dada, amemshikia upande mmoja wa mlango, bado anabisha kwamba si mbao.