Kikombe cha Kijani na Kisima cha Makuti

Assalaam alaykum, na wenzangu wa kanisani, nawaamkia pia. Mwenyekiti wa kikundi chetu ameniomba niseme kwa ufupi. Kusema kwa ufupi mimi sijui, mnanijua, lakini leo nitajitahidi, kwa sababu ninayo haja kwenu na nitaitaja mwishoni.

Mimi ni fundi wa makuti. Shule niliachia darasa la tatu. Lakini kuanzia Tiwi mpaka Msambweni, ukiona paa la hoteli limelala vizuri kama nywele zilizochanwa, uliza limeezekwa na nani. Wamekuja waliosoma na michoro yao, wakaishia kuniuliza mimi wapi paa lianzie. Nyumba yangu ya Ukunda ina vyumba vinne, nimeijenga kwa mikono hii. Najisifu? Najisifu, ndiyo. Mke wangu hanisifu, sasa nifanyeje?

Vyumba vinne, ndugu zangu, na watu wawili. Miaka kumi na mmoja tulikaa bila kujaaliwa mtoto. Wakati najenga nilikuwa nikipanga, huyu atalala huku, yule kule. Tukaishia kuweka magunia ya makumbi ya nazi.

Mke wangu watoto wanampenda. Akina mama wanaofanya kazi mahotelini, wengi wametoka bara, hapa hawana mama wala shangazi, walikuwa wakimwachia watoto pale barazani saa moja, saa mbili. Wakija kuwachukua, mtoto analia hataki kuondoka. Wakishakwenda, mke wangu huokota vijiti walivyochezea, akaviweka dirishani. Siku moja, ilikuwa mwaka wa tisini na saba, akaniambia, "Mume wangu, tufungue nyumba ya kulea watoto. Lakini taratibu. Kwanza funika kile kisima kilicho wazi pale nje, zungusha ua, tengeneza choo cha watoto. Halafu tuchukue watatu, tuone."

Watatu! Mimi mtu wa mapaa ya hoteli nianze na watoto watatu?

Sasa sikieni kosa langu, maana ni kosa la fundi wa makuti hasa. Kazi yetu sisi, kwanza unachukua arbuni, pesa ya kutangulia. Makuti yangali mnazini, hayajakatwa wala kushonwa, nawe umeshapokea arbuni na siku ya kumaliza umeshaitaja. Mvua ikikuchelewesha, mwenye hoteli atanuna tu. Paa litangoja. Nami nikadhani watoto ni kama paa.

Nikatengenezesha bao la tangazo la mbao za mvule, refu kama mlango. Mchoraji akanichora mimi nikicheka, na watoto wadogo wadogo miguuni pangu. Nikakodi gari lenye kipaza sauti, likazunguka Ukunda mpaka Diani likitangaza vitanda, maziwa, bembea na tarehe ya kufungua. Bembea yenyewe nilikuwa sijainunua. Kisha nikaenda kusimama kwenye malango ya hoteli wanayotokea wafanyakazi, nikipokea arbuni. Nikawaambia kila mama alete pia mkeka mdogo na kikombe chenye alama, ndiyo ajue nafasi ya mwanawe imeshikwa.

Vikaja vikombe kumi na vinne. Mke wangu akavitundika misumarini ukutani, akaipanga mikeka sakafuni. Kila asubuhi alifagia chumba kile ambacho hakijakanyagwa na mtoto. Nilimkuta akigusa vikombe kimoja kimoja, akiita majina ya wenyewe. Akaniona, akaniuliza, "Kisima, bwana?"

"Kitafunikwa," nikamwambia.

Mvua ile ya mwisho wa mwaka mnaikumbuka. Simenti haikupatikana, na arbuni ilikwishaingia kwenye bao na kipaza sauti. Siku ya kufungua ikanifikia. Alfajiri nikatandaza fito juu ya kisima, nikaweka makuti, nikayafunga vizuri kwa kamba. Msicheke. Kila mtu hutibu kwa dawa anayoijua.

Akina mama walifika mapema, wamevaa sare, watoto wangali na usingizi. Mke wangu akaninong'oneza, "Warudishe." Nami nikapaza sauti, "Karibuni, karibuni!"

Saa nne hivi, mvua ilikuwa imeanuka, watoto wakatoka uani. Alikuwepo binti wa miaka mitatu, mwenye kikombe cha kijani. Aliyaona yale makuti yamelala mazuri, akadhani ni mahali pa kukaa. Akapanda. Nilisikia fito zikikatika, na sauti ya mke wangu ambayo sijawahi kuisikia tena. Nilipofika, alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, amelishika gauni la mtoto kwa mikono miwili. Miguu ya mtoto ilikuwa inaning'inia ndani.

Tukamtoa. Hakuwa na hata mchubuko. Nawaambia ukweli, yeye hakulia. Niliyelia ni mimi.

Tulimtuma mtu hotelini, mama yake akaja mbio. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alimfunga mwanawe mgongoni kwa leso, akaenda zake, mkeka na kikombe akaviacha. Wenzake nao wakaja mmoja mmoja, wakachukua watoto wao.

Alasiri ile mke wangu akakunja nguo zake. "Umetangaza wewe, umepokea wewe, umeahidi wewe," akasema. "Aliyemshika mtoto ni mimi. Siwezi kulea watoto wa watu katika nyumba ya maneno." Akaenda kwao Kikoneni.

Nikabaki na vyumba vinne. Akina mama walipokuja kudai arbuni niliwaambia kesho, nao wakaondoka na mikeka yao na vikombe vyao, na kila kikombe kilipotoka, msumari ulibaki. Ndugu zangu, kumtamani mtoto usiyempata nilikuwa nimeshazoea. Lakini kukaa katika chumba ambacho watoto walikuwemo kwa asubuhi moja, ukasikia walivyocheka, halafu kimya! Sikujua kama kimya kina uzito. Na harufu ya mafuta ya nazi ya mke wangu ilikuwa ingali kwenye mto.

Nikamfuata Kikoneni. Nilimkuta anamenya muhogo, baba yake pembeni. Baada ya shikamoo nikaanza, "Nimeagiza bembea ya chuma, hata hoteli hazina..."

"Kisima?" akauliza, bila kuinua macho.

"Na rangi nitapaka..."

"Nimeuliza kisima."

Nikainuka kuaga. Mzee akanisindikiza hadi njiani. "Mkwe wangu," akaniambia, "miaka yote unatazama juu tu, kwenye mapaa. Hebu nenda ukatazame chini."

Hapo ndipo nilipogeuka. Nilifika nyumbani nikaling'oa lile bao. Baiskeli yangu nikaiuza. Nikajenga ukingo wa simenti kuzunguka kisima, mbao za mvule za lile bao nikazifanya kifuniko chenye bawaba na kufuli, uso wangu uliochorwa nikaugeuza chini utazame maji. Kisha nikazungusha ua, nikachimba choo. Nikaenda mlango kwa mlango kurudisha arbuni, na niliyeshindwa kumlipa nilimwezekea jiko lake. Mmoja akaniuliza, "Leo fundi umekuja bila kipaza sauti?" Wote wakacheka. Nilistahili.

Mwingine, mama wa kutoka bara, akasema, "Fundi, hiyo pesa si shida sana. Shida yangu ni mahali pa kumwacha mtoto nikiwa na shifti. Mkeo yuko wapi?" Nikamwambia. Siku yake ya mapumziko, bila kuniarifu, akambeba mwanawe mpaka Kikoneni, akamwambia mke wangu kisima sasa kina kufuli.

Mke wangu akaja kujionea. Hakunisalimu kwanza. Alipanda juu ya kile kifuniko, na mwili wake si mdogo, alhamdulillahi, akaruka mara tatu. Akashuka. "Ufunguo uko wapi?" Akaufunga kwenye pindo la leso yake, na mpaka leo uko hapo. Tulianza na watoto watatu.

Namshukuru yule mama, namshukuru mkwe wangu, nakishukuru kikundi hiki kilichoninunulia mikeka mipya. Na kwa ninyi mnaotaka kufungua biashara ya kulea, pokeeni arbuni siku ambayo mnaweza kumlaza mtoto wenu wenyewe pale, mkaenda kazini, mkafanya kazi kwa moyo mtulivu.

Sasa haja yangu. Kikombe cha kijani hakijachukuliwa. Ni cha bati, mama yake alikitia alama ya rangi ya kucha, nyekundu, kwenye mkono wa kikombe. Nilipokwenda kumlipa nilikuta chumba chake kina wapangaji wengine. Hoteli ilikuwa imepunguza watu, wakasema amerudi bara, wapi hawajui. Yule binti sasa atakuwa wa chekechea. Kikombe chake hatujampa mtoto mwingine. Mke wangu hukiosha kila Ijumaa, akakirudisha msumarini, kisha hutazama njia. Nami hutazama.

Mkimwona mama huyo, mwambieni arbuni yake ipo, nafasi ya mwanawe ipo. Mwambieni kwanza, kabla ya yote hayo, kwamba kisima kimefunikwa.