Tulivyomtafutia Akka Mangai Makao

Tarehe 31 Machi, Muuguzi Mkuu wetu, Mangai Suppiah, anastaafu rasmi baada ya miaka ishirini na tisa katika makao haya ya wazee hapa mjini Ipoh. Sote tunamwita Akka, dada mkubwa, hata sisi tusio Watamili. Anaondoka kabla ya wakati wake, na kwa kuwa kila mtu anaijua sababu, naisema: Akka ana Alzheima, ugonjwa uleule wa kusahau waliokuwa nao wengi aliowauguza.

Alianzia jikoni, akasomea uuguzi huku akilea mtoto peke yake. Na ukali wake, jamani! Mfanyakazi hatii kitu mdomoni mpaka mgonjwa wa mwisho ashibe. Siku moja alinifuma stoo na kipande cha keki. "Rohaya, wewe ni mgonjwa wa kitanda gani?" Keki ilinikwama kooni.

Familia zilizokuja kutafuta nafasi hakuzipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Msiangalie maua ya getini. Njooni saa ya chakula, bila taarifa. Mwone kama mzee anatazamwa usoni au anashindiliwa tu kama gunia." Wengine aliwaambia wazi kwamba kwetu hakutamfaa mzazi wao. Mkurugenzi alinuna, Akka akaendelea na kazi.

Kwa hiyo bintiye, Thenmoli, alipomleta Januari akae nasi kama mgonjwa, tulishangilia. Nani angemtunza vizuri kuliko sisi? Kumbe tulikosea. Kengele ya mgonjwa ikilia, Akka ameshasimama. Akiwekewa sahani, anaibeba kwenda kumlisha jirani. "Kula, mjomba. Mimi bado niko zamu." Tulimbembeleza, tukamdanganya, na mara moja nilimlisha kwa nguvu, nikajiona mnyama. Nguo zikaanza kumpwaya. Angekufa njaa mikononi mwa watu wanaompenda.

Ikaniangukia mimi kumwambia Thenmoli amhamishe.

"Kwa hiyo mnamfukuza, shangazi? Baada ya yote aliyowafanyia?"

Nililia naye tu. Kisha tukaanza kuzunguka, sisi wawili, tukiingia makao mengine ya wazee saa ya chakula. Nyumba moja ilinuka mkojo tangu mlangoni. Nyingine ilipendeza kama hoteli, ila wahudumu waliwalisha wazee macho yakiwa kwenye televisheni, na Thenmoli akatoka nje kabla yangu. Mwishowe, kule Taiping, tulipata nyumba ndogo isiyo na sare wala kengele, ambako wahudumu hukaa meza moja na wazee na kula nao. Hakuna anayejua kwamba Akka aliwahi kuwa bosi wa mtu. Ni mbali, na Thenmoli hataweza kwenda kila siku. Hilo bado linamuuma.

Jumapili iliyopita nilikwenda. Akka alikuwa amemaliza wali na mchuzi wa ukwaju, anaongezewa. Hakunitambua. Alinikagua kama alivyokuwa akizikagua familia, akanivuta karibu.

"Unamtafutia mtu nafasi, mdogo wangu? Mlete hapa. Hawa wanaangalia watu."

Nikamjibu kwamba nimeshamleta.

Akka, asante kwa ukali wako, na kwa wazee wote waliokufa wakiwa wamekushika mkono. Siku zako zilizobaki ziwe nyepesi. Kula ushibe, dada. Wagonjwa wote wameshakula.