Mama Dévote na Futi Yake ya Kupima Nyuso

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mama Dévote Ndayikeza anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya uuguzi katika kliniki yetu ya masikio, pua na koo. Likizo ndefu aliomba mara moja tu, na jibu bado linashughulikiwa.

Kazi iliyompa jina ilianza 2010. Madaktari wetu walikuwa wamewapasua sinusi, yaani mianya ya hewa ndani ya mifupa kando ya pua, watoto kumi na wanne, ambao usaha uliwakaa puani miaka bila kusikia dawa. Ndipo Bwana Révérien, mwenyekiti wa kamati ya kliniki, akasikia kwamba mtoto akiguswa mifupa ya pua, uso hukwama kukua. Alisikia wapi, hajasema mpaka leo. Upasuaji ukasimamishwa, ikaundwa kamati ndogo ya kuchunguza. Kamati hiyo ilikunywa chai kwa miaka kumi na miwili.

Mama Dévote hakungoja chai iishe. Alichukua futi ya fundi cherehani, akawa anawaita watoto wale kila mwaka, kila mmoja na ndugu yake ambaye hakupasuliwa, anawapima paji, mashavu, pua na taya. Kipimo maalumu cha chuma alichokiomba wakati ule kimefika bandarini juzi.

Mwaka 2022 alikuja Nsimire, mwuza vitenge wa mtaa wa Kinama, na bintiye Esperance wa miaka saba. Usaha ulirudi kila baada ya dawa, na sasa jicho la kushoto lilikuwa linavimba. Daktari alihofia jicho lenyewe. Kamati ikaomba muda.

Mama Dévote alikasirika. Jumatatu iliyofuata akaingia kwenye mkutano wa kamati na vijana ishirini na wanane, wale kumi na wanne na ndugu zao, akawapanga ukutani, akamwomba Bwana Révérien aonyeshe waliopasuliwa.

Mzee alivaa miwani, akapita mstari mzima taratibu, akarudi. Mwishowe akaelekeza kidole kwenye pua moja iliyopinda vibaya, akatangaza kuwa ushahidi ndio huo. Ilikuwa pua yangu mimi Maxime, mtunza mafaili, niliyekuwa nimesimama mwisho wa mstari na birika la chai. Sijawahi kupasuliwa hata jipu. Pua hii nimerithi kwa baba.

Esperance alipasuliwa kesho yake. Jicho lipo, zima kabisa. Kamati iliruhusu upasuaji kwa muda, na muda huo haijaukumbuka tena. Mama Dévote mwenyewe husema watoto kumi na wanne ni wachache, kwa hiyo hataki upimaji ukome.

Wiki jana Esperance alikuja kupimwa, anapumua kwa pua, mdomo umefungwa. Aliufungua kuuliza nani atampima mwakani. Kamati imeahidi kuunda kamati ndogo ya kutafuta mrithi. Mama Dévote alinitazama tu, akanivika futi shingoni.

Asante, mama. Tulikupenda, na tulichelewa kukuambia. Upate afya, usingizi na wajukuu wasumbufu. Esperance usimhofie: nitampima mimi, na pua yangu hii hii.