Juliana Wawili Kwenye Karatasi ya Misa

Benchi letu liko Kihesa, kando ya duka la vipuri la Ashok, na Matilda huchemsha kahawa hapo asubuhi wakati baridi ya Iringa bado haijaachia. Wateja wa kudumu ni watatu: Ashok, tunayemwita Vipuri, Obeid, tunayemwita Kamati kwa sababu hajawahi kukosa kamati ya mazishi, na mimi, Aroni Kalinga, niliyefiwa na mke wangu Juliana mwezi wa tano. Siku hiyo nilikuja na karatasi ya parokia, yenye majina ya marehemu wa mwaka yatakayosomwa kwenye misa ya tarehe pili Novemba. Nilitaka kuliona jina lake. Sikuona jina la mtu yeyote. Kila mstari ulikuwa hivi: Marehemu@7a81197d, na uliofuata ulikuwa na namba nyingine.

— Hiyo alama ya katikati naijua, alisema Kamati. Ni ya barua pepe. Marehemu wamefunguliwa barua pepe.

— Nani awaandikie? aliuliza Matilda.

— Kamati ya mazishi. Tuna mengi ya kuwauliza.

— Acha hizo, alisema Vipuri. Hiyo ni namba ya kipuri. Kila kifaa na namba yake, stoo hawakosei. Na huko juu kuna stoo kubwa.

— Mke wa Mzee Kalinga siyo beringi, Vipuri! alisema Kamati.

— Nani kasema beringi? Nimesema hapotei.

— Mimi naona ni neno la siri, alisema Matilda. Unaulizwa mlangoni, usipolijua unabaki nje.

— Basi mimi nimekwisha, alisema Kamati. La simu tu nimelisahau mara nne.

Nilicheka nao, lakini moyo uliniuma. Nilitaka jina lake lisikike kanisani, basi.

Hapo akafika Joyness, mwalimu wa kompyuta aliyeitengenezea parokia programu ya orodha hiyo, laptopu kwapani.

— Kamwene, wazee. Hiyo karatasi msiitumie, kosa ni langu.

— Kamwene, mwalimu, nilijibu. Namba hizi ni za nini?

— Mashine iliombwa imtaje mtu, na mimi sikuifundisha imtajeje. Ikataja aina ya kitu, marehemu, halafu ikaweka namba iliyojitungia yenyewe. Ukizima ukawasha, namba inaweza kubadilika.

— Vipuri, stoo yako imefungwa, alisema Kamati.

— Sasa inataja jina na tarehe ya kuzaliwa, aliendelea Joyness. Ila nina Juliana Kalinga wawili, wote mosi Julai 1958.

Nilimweleza. Wa pili ni mke wa binamu yangu. Wote wawili walizaliwa mwaka mmoja, hawakuijua siku yao ya kuzaliwa, na karani wa parokia wa zamani aliwaandikia mosi Julai wote wasiojua.

— Basi msomaji atadhani ni mtu mmoja kaandikwa mara mbili, alisema Joyness. Ataruka mmoja.

— Weka jina la mume, alisema Vipuri.

— Aroni Kalinga, nilisema. Na binamu yangu naye ni Aroni Kalinga. Tumerithi jina la babu mmoja.

— Jumuiya yenu ya sala je? aliuliza Joyness.

— Moja.

— Ninyi akina Kalinga! Hata dukani kwangu nisingejua niwapange vipi.

— Tarehe ya kufa je? aliuliza Matilda.

— Padri hataki isomwe, alisema Joyness. Anasema watu watalia, misa isiendelee.

Kisha akanigeukia.

— Baba, niambie kitu chake kimoja tu, ambacho hakikubadilika. Nitakiongeza kwenye mstari wake.

Niliimalizia kahawa yangu kwanza.

— Andika: aliyechelewa misa kila Jumapili.

Kamati alijipiga paja.

— Ndiye! Padri yuko kwenye mahubiri, mlango unalia kwiii, ndiye! Kanisa zima litamjua.

Joyness aliandika, akanigeuzia kioo. Juliana Kalinga, aliyechelewa misa kila Jumapili. Niliusoma mstari ule mara mbili, nikamshukuru Mungu.

— Kwani alikuwa anachelewa kwa nini, baba?

Kamati alimtazama Vipuri, Vipuri akamtazama Matilda, kisha wote wakanitazama mimi. Miaka thelathini na nane nilitangulia kanisani, nikamwekea nafasi pembeni yangu. Sikuwahi kumuuliza.