Sindano Tuliyoikataa Wenyewe Itindi

Mgeni rasmi, Bwana Daktari Mkuu wa Jimbo,

Hapa Itindi wanawake wanazaa bila dawa ya maumivu. Serikali iliileta. Sisi wanaume ndio tulioomba iondolewe.

KARIBU

Karibu Ufipa. Tunajua barabara ya kutoka Sumbawanga imekutikisa, na baridi ya Juni haina adabu kwa mgeni. Ugali wa ulezi utaupata baada ya maneno haya, si kabla, maana tunataka uyasikie yote.

HISTORIA

Nyumba ya wazazi tuliijenga mwaka 1953 kwa matofali yetu. Mkunga ni Agnesi. Mwaka uliofuata alikabidhiwa pethidini, ile sindano ya maumivu, na ufunguo wa sanduku lake. Alituita akatueleza: sindano haimalizi uchungu, huupunguza makali. Mama husinzia, huweza kuweweseka. Ikichomwa karibu na kuzaa, mtoto huweza kutoka mzito wa kupumua, kwa hiyo lazima aangalie hatua ya uchungu kwanza. Tuliitikia kwa vichwa. Hilo la kuweweseka lilitupita.

MAFANIKIO

Wanawake walikuja wenyewe, wengine wakiletwa kwa machela kutoka mbali. Walikuja kwa ajili ya sindano, na kwa kuwa wamekuja, Agnesi aliweza kuzuia damu na kuona mapema mtoto aliyekaa vibaya.

YALIYOTUPATA

Tuna mila. Uchungu ukikawia, mama mkwe huingia na kumuuliza mzazi majina ya wanaume. Tunaamini jina lililofichwa humfungia mtoto njia. Mume hukaa nje, chini ya dirisha, asikie.

Dominika, mke wa Modesti, alikawia. Agnesi akamchoma sindano, akatoka kuchemsha vyombo. Mama mkwe akaingia.

"Ni Urbano?"

"Ndiyo," akasema Dominika, macho yamefumbwa nusu.

Mama mkwe hakuuliza jina la pili. Urbano alikuwa jirani aliyewasaidia kulima matuta, basi. Modesti alilisikia lile neno likaingia kama maji ya baridi. Mtoto akatoka amelegea, Agnesi akamsugua mgongo hadi akalia. Sisi wazee tukasema mtoto anaona aibu ya mama yake. Modesti akamrudisha Dominika kwa baba yake, kijiji cha Mwazye, pamoja na mtoto. Urbano akaenda migodi ya shaba, Rhodesia ya Kaskazini.

Mwaka ukapita. Margareth, mke wa Wilibrodi, mdogo wake Modesti, naye akakawia, akachomwa sindano. Ndugu wawili wakakaa chini ya dirisha lile lile, na mama yao akaingia ndani.

"Ni Zenon?"

"Ndiyo."

"Ni Kornel?"

"Ndiyo."

"Ni Hamidi wa cherehani?"

"Ndiyo."

Wilibrodi akaanza kuinuka. Mama, ambaye sasa sauti yake ilikuwa imekauka, akauliza tena.

"Ni shemeji yako Modesti?"

"Ndiyo, mama. Ndiyo."

Wilibrodi akamgeukia mkubwa wake. "Kaka?"

"Hata mkono sijamshika. Wewe unajua."

"Najua," akasema Wilibrodi, akaketi.

Ndani Agnesi alikuwa amerudi. Wakamsikia: "Mama, jitaje na wewe. Atakuitikia vilevile."

Wilibrodi alicheka. Modesti hakucheka. Alikuwa anafikiria ndiyo moja tu aliyoisikia mwaka uliopita, na jinsi hakuna aliyetaka ya pili.

Bwana Daktari, siku hiyo ilitupasa kwenda Mwazye. Badala yake sisi wazee tulikaa baraza, tukapeleka habari wilayani kwamba dawa inadanganya, iondolewe. Ikaondolewa. Dawa haikuwa imemuuliza mtu swali. Waliouliza ni sisi.

Modesti alikwenda Mwazye peke yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Mke wangu."

Dominika alitoka na mtoto mgongoni. Alimsikiliza mpaka akamaliza habari ya Margareth.

"Siku ile wangeniuliza kama mimi ni mbuzi, ningeitikia," akasema. "Umetembea njia yote hiyo kuja kunieleza ninachokijua?"

"Nimekuja tuondoke."

"Nikishika mimba nyingine, nitazaa wapi? Sindano mmeifukuza. Mama yako bado anaingia, na wewe bado uko dirishani. Rekebisheni kwanza. Nikisikia sindano imerudi na dirisha halina mtu, nitakuja kwa miguu yangu."

Alimpa maji ya kunywa. Hakumpa mtoto ambebe.

MAOMBI

Tunaomba pethidini irudi, na ufunguo akabidhiwe Agnesi kama zamani, maana uchungu haumsubiri daktari aliye safarini. Hatuombi ukemee akina mama wakwe. Hilo ni letu. Tumekwisha kata shauri mbele ya kijiji: mwanamke aliye katika uchungu haulizwi jina la mtu. Chini ya dirisha tumepanda miiba. Umeipita ulipoingia.

Modesti yuko hapa, amesimama nyuma. Tulimpa kiti akakikataa. Anangoja jibu lako ili alipeleke Mwazye leo hii.

Mungu akufikishe nyumbani bila gurudumu kukwama, na mikono yako iendelee kuponya.

GHARAMA

Tangu sanduku liondoke wanawake wengi wamebaki majumbani. Wawili walitokwa damu hadi kufa, Agnesi akiwa hana habari: mke wa Zenon, na binti wa Eustaki, mzee wetu aliyepeleka ile habari wilayani. Mtoto mmoja alikufa pamoja na mama yake. Urbano hajarudi. Mama yake amefariki bila kumwona. Dominika yuko kwa baba yake. Mtoto wake amejifunza kutembea, na hamjui Modesti.

Ni sisi,
Wanaume na Wazee wa Itindi, Ufipa