Mlango Usio na Ngazi

Kijiwe chenyewe ni benchi moja bovu, limetazamana na jengo la forodha la enzi za mkoloni, kwenye kimji cha bandari ambacho meli zilishakisahau. Wageni huja kuliona hilo jengo, wanapiga picha, wanaulizia maji baridi, hao wanaondoka. Sasa ofisi ya utalii imemwambia Wembe, kinyozi anayewatembeza: kundi la leo nalo likiondoka mapema, kazi anapewa shemeji yake. Na huyo shemeji, Wembe hataki hata kumsikia. Basi roho juu, anatafuta cha kuwashikilia wageni, na kilichopo ni kimoja tu: mlango wa ghorofani, wazi mchana na usiku, na ghorofa yenyewe haina ngazi, si ndani si nje.

— Waambie ngazi iliibwa, akasema Profesa, fundi viatu ambaye shule aliishia njiani.

— Ngazi ya mawe inaibwaje?

— Jiwe moja moja. Mkoloni alikuwa na subira huyo.

Mama Kahawa akammiminia Wembe kikombe.

— Usimsikilize. Ule mlango ulikuwa wa kutokea tu. Karani akikosea hesabu, anaambiwa pita huku.

— Na kuingia je?

— Aliingia nani? Walizaliwa humo humo.

Wembe akashika kichwa. Hawa watu wangemponza.

— Nipeni kitu cha maana, jamani. Wageni wanashuka kwenye basi wale.

Profesa akavua miwani, dalili kwamba uongo mkubwa unakuja.

— Ukweli ni huu. Gavana alikuwa mrefu.

— Mrefu kiasi gani?

— Ule ndio mlango wake. Wa chini ni wa watumishi.

— Na akitaka kukaa? akauliza Mama Kahawa.

— Hakukaa. Ndiyo maana alichoka, akarudi kwao.

Wembe atafanyaje? Akawapanga wageni mbele ya jengo, akakohoa, akawauzia gavana mzima mzima, na wizi wa ngazi kama nyongeza. Akaapa kwamba tangu mkoloni aondoke, hakuna binadamu aliyekanyaga kule juu. Wageni wakapiga picha. Mmoja akaanza kuulizia maji baridi. Wembe akamwona shemeji yake kabisa, kwa macho ya mawazo, amesimama pale pale na kofia ya kazi.

Ndipo bibi mmoja mgeni, mwenye mwavuli, akanyoosha kidole.

— Mwanangu, na aliyeanika shati pale, alipandia wapi?

Wote wakatazama juu. Shati jeupe, limebanwa kwa vibanio mlangoni, linachuruzika maji.

Profesa akavaa miwani, akaivua tena. Mama Kahawa akatangaza kwamba kahawa imekwisha, na birika lilikuwa limejaa.

— Sijui, bibi, akasema Wembe. Kwa kweli sijui.

Bibi akaridhika. Akamsogeza Profesa kwa kiwiko, akaketi benchini. Wenzake wakajibana naye, waliokosa nafasi wakakaa chini. Dereva wa basi akapiga honi, hakuna aliyegeuka.

— Tunasubiri nini, bibi? akanong'ona Wembe.

— Likauke. Mwenyewe si atakuja kulianua?